Diski za freni: tusinunue kifo juu ya bei ya chini

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye mnabaki nyumbani mukingojea, leo hatuongei bei ya grama wala karati. Tunaongea kipande cha chuma chenye kinazunguka ndani ya gurudumu la mbele la gari. Watu mingi hawajakiangalia hata siku moja, na bado kinabeba uzima wao kila safari. Ni diski ya freni.

Kisangani iko katikati ya njia ndefu. Mwenye anaenda upande wa Bafwasende na Niania anashika njia ya Ituri. Mwenye anaenda Banalia na Buta anashika njia ya kaskazini, mpaka kwenye baki ya mto Aruwimi. Wengine wanapita Wanie-Rukula kuelekea Lubutu na Walikale. Kwenye njia hizi zote wachimbaji wanapanda pikapu yenye imejaa: mifuko ya unga, madumu ya mafuta, pompi ya maji, na watu juu ya mizigo. Shofere akikanyaga freni, uzito huu wote unangojea jibu la diski mbili za mbele.

Shimoni tunajifunza kuogopa jiwe lenye linaning'inia. Tunapiga ukuta na nyundo, tunasikiliza, kisha ndipo tunaingia. Lakini tukitoka shimoni tunapanda gari bila kuuliza neno. Sisi wa sendika tumeona vilio vya kutosha vya watu wenye hawakufia shimoni, walifia njiani. Ndiyo maana tunaandika habari hii: namna ya kuchagua diski nzuri, namna ya kujua mbaya, na nani mwenye anapashwa kulipa.

KAZI YA DISKI NI KULA JOTO

Diski ni sahani nzito ya chuma, imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu na inazunguka pamoja na pine. Ukikanyaga pedali, mafuta ya freni yanasukuma pistoni, na pistoni inabana plakete mbili, moja huku na moja kule, juu ya diski. Mwendo wa gari unageuka joto. Joto hilo linaingia ndani ya diski, kisha diski inalitoa polepole kwenye upepo.

Ni joto ngapi? Tuchukue pikapu yenye, pamoja na watu na mizigo, inafika tani tatu, na inakimbia kilometa 80 kwa saa. Kuisimamisha kabisa mara moja kunatoa joto lenye lingeweza kuchemsha maji zaidi ya litre mbili, na yote hiyo katika sekonde chache. Gari hiyo hiyo ikienda kilometa 40 kwa saa, joto linakuwa robo tu. Ukizidisha mwendo mara mbili, kazi ya freni inazidi mara nne. Uzito wote wa gari, pamoja na watu na mizigo, ukizidi mara mbili, kazi inazidi mara mbili. Shofere mwenye anajaza kupita kipimo na kukimbia juu ya kuwahi soko, anadai diski malipo ya pande zote mbili.

Wakati gari inasimama, uzito unaegemea mbele. Kwa hiyo freni za mbele zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana Hilux mingi ziko na diski mbele na tamburi nyuma, na ndiyo maana tunaanza na diski za mbele.

Joto likizidi, mambo mawili yanatokea. La kwanza, plakete zinateleza: unakanyaga kwa nguvu, pedali iko ngumu, gari haisimami. La pili, mafuta ya freni yanachemka. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama mpira: pedali inashuka mpaka chini bila kukamata kitu. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kuanzia digri 205, lakini yakishakunywa maji ya hewa yanaweza kuchemka kwenye digri 140. DOT 4 ikiwa mpya inaanzia 230, na ikinywa maji inashuka 155. Hapa kwetu hewa ni ya maji mwaka mzima. Kama mafuta ya freni yameshamaliza miaka miwili ndani ya gari, hata diski mpya ya bei kali haitakuokoa. Mafuta ya kwenye chupa yenye imekaa wazi kwenye meza ya sokoni yamesha kunywa maji mbele ya kununuliwa.

SOMA KILE DISKI INASEMA YENYEWE

Watu wa dhahabu na almasi wanajua kupima. Hatukubali neno la muuzaji, tunatoa mizani. Basi tufanye vile vile na diski.

Kwanza, tafuta maandishi. Kwenye diski ya kweli, ukingoni ao kwenye kofia yake, kumeandikwa MIN TH na namba fulani na mm. Hiyo ndiyo unene wa mwisho. Diski ikifika pale imekufa, hata kama inang'aa. Tuseme diski mpya iko na milimita 25 na imeandikwa MIN TH 23. Maana yake una milimita mbili tu za kula, pande zote mbili kwa pamoja. Mwenye anakuambia «bado nene, itafanya mwaka mwingine» bila kupima, anabahatisha na roho yako. Tamburi nazo ziko na maandishi yao, MAX DIA, juu ya sababu zenyewe zinaliwa ndani na kupanuka.

Kupima iko na mtego mmoja. Diski ya zamani inaacha kilima kidogo ukingoni, pale plakete haigusi. Ukiweka pie-a-kulisi moja kwa moja, inashika kile kilima na kukudanganya kwamba diski iko nene. Fundi mwenye akili anaweka rondela mbili zenye unene sawa, moja kila upande, pale plakete inapita. Anapima yote pamoja, kisha anatoa unene wa rondela zote mbili. Apime mahali sita ao nane kuzunguka diski, kwa sababu diski inaweza kuwa nene huku na nyembamba kule. Ukisikia pedali inatetemeka chini ya mguu, mara mingi ni hiyo.

Pili, angalia rangi na sura. Madoa ya bluu yanasema diski imeungua. Mistari midogo ya juujuu ni alama ya joto, lakini ufa wenye unashika kucha, ao ufa wenye unafika ukingoni, unaitupa diski palepale. Mifereji ya kina inasema plakete zilikwisha na chuma ikala chuma.

Tatu, sikiliza. Diski ya chuma ya kumwaga, ukiining'iniza na kamba na kuigonga na kipande cha chuma, inaimba kama kengele. Ikijibu kwa sauti ya chungu chenye kupasuka, kuna ufa wenye macho hayajauona. Ni ile ile akili ya kugonga ukuta wa shimo.

Nne, weka kwenye mizani. Diski mbili za gari moja, za kipimo kimoja, zinapashwa kukaribiana uzito. Kama ile unataka kununua iko nyepesi sana kuliko ile ya zamani yenye imekwisha kuliwa, muuzaji amekuuzia hewa. Chuma yenye inakosekana ni mahali pa joto penye panakosekana. Diski nyingi za mbele ziko vantile, maana yake ni sahani mbili na nafasi katikati, zimeshikwa na mbavu za kupitisha upepo. Mwigaji anaponda mbavu hizi ao anazifanya nyembamba, kwa sababu mnunuzi haziangalii. Wewe ziangalie: ziwe sawasawa, ziwe wazi, zisizibwe na mchanga wa kiwanda. Sahani mbili ziwe na unene mmoja. Kama mbavu zimepinda, diski ya kuume na ya kushoto si moja, usizibadilishe.

ORIJINALI, YA BADALI, YA UWONGO, OKAZIO

Piesi mingi za Kisangani zinafika kwa barabara ya mashariki, kutoka Kampala kupitia Kasindi, Beni na Butembo, ao zinatoka Dubai. Zinapita mikononi mwa watu wengi mbele ya kufika soko letu. Kila mkono unaongeza faida, na kila mkono unaweza kubadilisha karto. Tugawe basi makundi mane.

Orijinali ni ile yenye kampuni ya gari yenyewe imetia jina lake. Iko na namba ya piesi yenye inalingana na modeli na mwaka wa gari. Ni salama kama ni ya kweli, lakini jina kubwa ndilo linaigwa zaidi.

Ya badali ni ile ya viwanda vyenye kazi yao ni freni. Mifano ni Brembo ya Italia, yenye ilianza 1961, ATE ya Ujerumani, TRW, Bosch, ao Advics na Akebono za Japani. Baadhi ya viwanda hivyo ndivyo vinauzia kampuni za magari freni za kutoka kiwandani. Kwa mtu wa kawaida, ya badali ya kiwanda chenye kinajulikana mara mingi ndiyo chaguo bora: ubora wa karibu, bei ya chini kidogo.

Wazungu wa Ulaya wametunga sheria juu ya piesi za badali za freni, inaitwa R90. Kwa diski na tamburi, inagusa modeli za magari zenye zilikubaliwa kuanzia Novemba 2016. Diski yenye imepita majaribio hayo inachorwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 6 ni Ubelgiji. Diski za magari ya zamani zinaweza kukosa alama hiyo na bado zikawa nzuri. Lakini ukiiona imechorwa ndani ya chuma, na si kwenye karto peke yake, ni ushuhuda mzuri.

Ya uwongo iko na karto nzuri kuliko chuma. Angalia herufi za jina: kuna yenye inakosa herufi moja ao imepindua mbili. Angalia kama namba ya karto ni ile ile ya kwenye diski. Angalia kama MIN TH imeandikwa. Muulize muuzaji fakture yenye jina lake na namba ya piesi. Mwenye anakataa kuandika jina lake, amekwisha kukujibu.

Okazio ni diski yenye imetolewa kwenye gari ya zamani. Hapa tunasema wazi: motere ya okazio, mlango wa okazio, kioo cha okazio, hakuna shida. Diski ya okazio ni jambo lingine. Inafika imekwisha kuliwa, hujui ilipata joto gani, na mara mingi imetengenezwa kwenye tur kusudi ionekane mpya. Kutengeneza kwenye tur ni kuondoa chuma, na kila chuma yenye inaondoka inakukaribisha kwenye MIN TH. Kama mfuko hauruhusu kitu kingine, pima mbele ya kulipa, na usichukue yenye iko chini ya nusu ya njia kati ya mpya na mwisho.

DISKI ZENYE MATUNDU NA MIFEREJI

Vijana wenye wanapenda magari wanatuonyesha kwenye simu diski zenye matundu, wanaziita «sport». Wanaamini kwamba ghali ndiyo nguvu. Tuwaeleze bila kuwacheka.

Diski za gari hazikuanza kwa urembo. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha wazo la freni ya diski mwaka 1902. Mwaka 1953 gari ya Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda mashindano ya masaa 24 ya Le Mans kule Ufaransa, na watu wakaona kwamba diski inavumilia joto kuliko tamburi. Mwaka 1955 Citroën ikaweka diski za mbele kwenye DS yake, gari ya kuuzwa kwa watu. Matundu na mifereji vilikuja kwa magari ya mashindano, kutoa gazi yenye plakete za zamani zilikuwa zinatoa zikipata joto.

Kwenye njia zetu tundu linageuka mlango wa matope. Udongo mwekundu unaingia, unakauka, unaziba. Na tundu ni mahali pa udhaifu: ufa unapenda kuanzia pale. Diski ya mifereji bila matundu iko na faida kidogo, inafagia maji na matope juu ya plakete, lakini inakula plakete haraka. Diski za kaboni na seramiki ni za magari ya matajiri na ya mashindano. Haziko na kazi kwenye njia ya Banalia.

Kwa pikapu na taksi ya hapa, diski bora ni ile ya kawaida: chuma ya kumwaga ya kijivu, vantile, bila matundu, nzito, ya kipimo cha kiwanda. Kama unapata yenye imepakwa rangi ya zinki ya kuzuia kutu kwenye kofia na ndani ya mbavu, ongeza pesa kidogo uichukue. Kwa mvua ya Tshopo, kutu inakula diski hata gari ikilala.

KUFUNGA VIBAYA KUNAUA DISKI NZURI

Fundi wa garaje ya chini ya mti anaweza kufanya kazi safi kama ana subira. Tunaomba mambo haya, na mwenye gari asimame pale mpaka mwisho.

Badilisha diski mbili za mbele kwa pamoja, hata kama moja inaonekana bado. Diski mpya huku na ya zamani kule zinavuta gari upande. Weka plakete mpya pamoja na diski mpya, kwa sababu plakete ya zamani imeshika mifereji ya diski ya zamani.

Sugua kitovu cha gurudumu na brosi ya chuma mpaka kutu iishe. Kutu kidogo kama unga, ikibaki katikati ya kitovu na diski, inaifanya diski izunguke kwa kuyumba. Baada ya kilometa elfu chache unaanza kusikia kutetemeka, na watu wanalaani diski wakati kosa ni la kufunga.

Osha mafuta ya kuzuia kutu yenye diski mpya inakuja nayo, na maji moto na sabuni, kisha kausha vizuri. Usitumie mazuti, inaacha mafuta. Angalia kama pistoni inarudi na kama vyuma vya kutelezea vya etriye vinatembea. Etriye yenye imeshikamana inaunguza diski usiku na mchana. Funga bolti za pine kwa kuvuka, namna ya nyota, polepole mpaka mwisho.

Kisha ulainishe. Siku ya kwanza, bila mizigo na bila abiria, shofere atafute njia yenye haina watu, akimbie kilometa 50 kwa saa, apunguze taratibu mpaka 10, arudilie mara ishirini hivi, akiacha freni zipoe katikati. Asisimame na kubana diski yenye ina moto. Hivyo plakete na diski zinazoeana.

Nyuma musisahau tamburi. Gari yenye imepita ndani ya maji na matope inapashwa kufunguliwa na kusafishwa. Freni ya mkono inaangaliwa mbele ya kila baki. Pale ngambo, kuelekea Lubunga, ao pale Banalia, gari inashuka mtelemko kuingia chomboni. Freni ya mkono peke yake haitoshi: lazima kipande cha mti nyuma ya pine, na abiria wote washuke chini. Mwenye kamio ya freni za upepo atoe maji ya rezervwari kila asubuhi. Na mwenye taksi-moto yenye diski mbele aangalie: hata kile kidiski chembamba kimeandikwa MIN TH.

VUMBI YA FRENI NI NDUGU YA VUMBI YA SHIMO

Wachimbaji wanajua vumbi ya mawe yenye inakausha mapafu. Basi wajue na hii. Kwa miaka mingi plakete zilitengenezwa na amianti, nyuzi za mawe zenye zinaleta kansa ya mapafu. Ufaransa ilikataza amianti mwaka 1997, na Ulaya nzima ikaifunga mwaka 2005. Nchi zingine zilichelewa. Plakete ya bei ya chini yenye haina jina la kiwanda inaweza kuwa nayo bado.

Fundi akifungua gurudumu, asipulize vumbi kwa mdomo wala na kompresa. Alowanishe na maji ya sabuni, apanguse na kitambaa, kitambaa kitupwe. Na watoto wasicheze pale. Mama mwenye anafua nguo za fundi, azilowanishe mbele ya kuzikung'uta.

NANI ANAPASHWA KULIPA?

Hapa ndipo pesa inaongea. Katika mkutano mmoja wa wachimbaji wenye tulikuwamo, mwenye pikapu alisimama akasema: «Diski ni bei, na ninyi munalilia kila siku tikiti ishuke.» Mzee mmoja akamjibu: «Mwanangu, ukihesabu vichwa vyetu unahesabu mpaka wa mwisho, hata mwenye amekaa juu ya kabini. Ukihesabu freni unasahau hesabu.» Watu walicheka, lakini jambo lilibaki pale pale.

Msimamo wetu ni huu. Gari ikiwa ya mfanyabiashara mwenye anauza tikiti, freni iko ndani ya tikiti. Abiria amekwisha kulipa. Kumuomba achange tena ni kumuuzia kitu mara mbili. Sheria ya njia ya inchi yetu, ile namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamhusu mwenye gari na shofere, hata njia ikiwa ya matope.

Gari ikiwa ya kampuni na inabeba wafanyakazi, kitabu cha kazi cha tarehe 16 Oktoba 2002 kinampa mwajiri mzigo wa usalama. Delege wa sendika yuko na haki ya kuweka freni kwenye komite ya usalama na usafi wa kazi. Aombe kuona karne ya gari: lini diski ilipimwa, unene ulikuwa ngapi, nani alisaini. Na ajue kwamba ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, inahesabiwa kama ajali ya kazi mbele ya CNSS, kama mtu hakugeuza njia kwa mambo yake mwenyewe. Wajane mingi wanapoteza haki hii kwa sababu hakuna mtu aliandika tangazo la ajali.

Gari ikiwa ya kooperative, basi ni yetu sote, na hapo kuchanga ni haki. Kodi ya madini ya 2002, yenye ilibadilishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe na karte na awe ndani ya kooperative. Kooperative isiwe kwa kukusanya michango ya wakubwa peke yake. Tuseme watu 12 kwa safari, kila mtu franka 500, safari nane kwa mwezi. Ni franka 48.000 kwa mwezi, na 288.000 kwa miezi sita. Sanduku liwe na funguo mbili, kitabu kisomwe mbele ya wote, na pesa hiyo isiguswe kwa kilio wala kwa sikukuu. Ni ya freni.

Kwa serikali tunasema moja tu. OCC inapima bidhaa zenye zinaingia inchini. Tunaomba karto za diski na plakete nazo zifunguliwe, zisihesabiwe juu juu kwa kodi. Na kontrole tekniki iwe ya kuinua gari na kutoa pine, isiwe ya kupiga muhuri dirishani.

MBELE YA KUPANDA

Mama, baba, kijana mwenye anasafiri kesho asubuhi, hauhitaji kuwa fundi. Uliza shofere mambo matano, kwa heshima, mbele ya kutoa pesa. Freni zilifunguliwa lini? Pedali inashuka mpaka wapi? Gari inavuta upande? Kuna kutetemeka ao kelele ya chuma? Freni ya mkono inashika?

Kisha tumia macho. Pikapu mingi ziko na rimu zenye nafasi, unaweza kuona diski kutoka inje. Kama inang'aa sawasawa, vizuri. Kama iko na mifereji ya kina, ao bluu, ao kutu nzito pale plakete inapashwa kupita, usipande. Kwenye mtelemko, ukiona shofere anaacha gari itelemke bila vitesi na kukanyaga freni tu, mwambie arudishe vitesi ndogo, motere isaidie kushika. Na tukiwa watu kumi juu ya gari, mmoja akiogopa kusema, wengine tisa waseme naye.

Shofere mwema hatakasirika na maswali haya. Mwenye anakasirika, aende peke yake na mizigo yake. Kesho kutakuwa gari ingine, na dhahabu haitahama usiku huu.